Spea za ndani ya gari: ipi iwe jenyuini, ipi ya mtumba, ipi kopi

Ukifika Gerezani jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au soko la Kisekka jijini Kampala kutafuta spea, utaulizwa kwanza kama unataka jenyuini au ya kawaida. Kwa spea za ndani ya gari, usijibu haraka. Jiulize mambo mawili. Spea hii ikishindwa kazi gari likiwa mwendoni, nani ataumia? Na namba yake kamili ni ipi? Jibu la kwanza linakuonyesha mahali pa kutoa pesa bila kubania na mahali ambapo kopi inatosha. La pili linakuepusha kununua kitu kizuri kisichoingia kwenye gari lako.

Mwongozo huu umejikita kwenye Toyota zilizotumika Japani kabla ya kuletwa kwetu: IST, Vitz, Premio, Noah na ndugu zake, kwa kuwa ndizo zilizojaa barabarani. Utaratibu wake unafaa pia kwa Nissan, Honda na Mazda, isipokuwa namba za spea huko zimepangwa kwa namna nyingine.

Makundi manne, si mawili

Watu husema "orijino" na "feki" kana kwamba hayo ndiyo yaliyopo tu. Dukani kuna makundi manne. Jenyuini ni spea iliyomo kwenye boksi la kampuni ya gari lenyewe. Ya pili ni spea ya mtengenezaji halisi iliyouzwa kwa jina lake: Toyota haitengenezi kila swichi wala kila siti, swichi na mikanda mingi hutengenezwa na Tokai Rika, siti na machujio na Toyota Boshoku, vifaa vya kipoza hewa na Denso. Kitu kilekile kikitoka kwenye boksi la Denso mara nyingi huwa nafuu kuliko kikitoka kwenye boksi la Toyota. Kundi la tatu ni kopi, yaani spea ya kiwanda kisicho na mkataba na kampuni ya gari. Humo kuna nzuri, za wastani na takataka, na boksi halikuambii ipi ni ipi. La nne ni mtumba, spea ya kiwandani iliyofunguliwa kwenye gari jingine.

Kwa spea za ndani, mtumba una uzito ambao haupewi. Paneli ya mlango iliyotoka kwenye gari la Japani lenye umri sawa na lako ina plastiki ileile, nakshi ileile ya juu yake na matundu yaleyale ya klipu. Kopi mpya ya paneli hiyo, hata kama ipo, haitafanana hivyo. Lakini mtumba huohuo ni hatari kubwa ukija kwenye eabegi na mikanda. Kwa hiyo mtu anayekuambia "mimi nanunua jenyuini tu" au "mtumba wa Japani ndio bora siku zote" amerahisisha mno.

Namba kwanza, duka baadaye

Fungua boneti utafute bati la chasisi kwenye ukuta wa nyuma ya injini. Kwa baadhi ya modeli liko kwenye nguzo ya mlango. Utakuta MODEL, FRAME No. na mstari wa rangi ulioandikwa COLOR TRIM au C/TR. Kwa IST ya kwanza, NCP60 ni ya injini ya lita 1.3 na NCP61 ni ya lita 1.5. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ya herufi na tarakimu 17. Yana namba ya fremu tu, kwa hiyo tumia katalogi ya mtandaoni inayokubali namba ya fremu. Iandike yote, pamoja na zile herufi zinazofuata baada ya kistari kwenye MODEL, maana ndizo zinazobeba daraja la gari na aina ya gia.

Mstari wa rangi una sehemu mbili. Ya kwanza ni rangi ya nje. Ya pili, mfano FB13, ndiyo ya ndani: aina ya kitambaa na rangi yake. Piga picha bati zima kwa simu. Picha hiyo inamaliza ubishi wote wa kaunta.

Namba ya spea ya Toyota ina tarakimu kumi zilizogawanywa tano kwa tano. Tano za kwanza hutaja ni kitu gani: 84820 ni swichi kuu ya vioo, ile ya dereva, 69205 ni handeli ya ndani ya mlango wa mbele kulia na 69206 ya kushoto, 84306 ni spairo kebo ya usukani, 45130 ni kitako cha honi chenye eabegi, 87139 ni chujio la hewa ya ndani. Tano za pili hutaja modeli na toleo. Vitu vinavyoonekana machoni huongezewa herufi na tarakimu mbili mwishoni, kama B0 au C0, ambazo ni rangi. Muuzaji akikuambia "ni ileile, tofauti ni hizi mbili za mwisho tu", anakuuzia handeli nyeusi kwa gari la kijivu.

Tano za kwanza kufanana hakutoshi. Swichi mbili za 84820 zinaweza kuwa na umbo moja na soketi tofauti, au soketi moja na mpangilio tofauti wa pini. Ndiyo maana ni vizuri kwenda dukani na spea yako ya zamani mkononi.

Jambo jingine linalosahaulika: spea nyingi zinatupitia kutoka Dubai na Sharjah. Mpya hazina shida hiyo sana, lakini mtumba wa Ghuba hutoka kwenye magari yenye usukani kushoto. Dashibodi, kapeti ya sakafuni, swichi kuu ya vioo, paneli ya mlango wa dereva na wenzo wa taa na waipa wa gari la usukani kushoto haviingii kwetu, au vinaingia vikiwa vimegeuka. Uliza gari lilitoka wapi kabla ya kuuliza bei.

Eabegi na mikanda: hapa hakuna kujadiliana

Kwa vitu hivi, nunua jenyuini mpya kwa namba ya fremu. Ukikosa, gari lisubiri. Usikubali mtumba wala kopi, na sababu zake ni za kikemia, wala si za jina.

Eabegi hujazwa na kifaa kidogo cha chuma chenye baruti inayoungua kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kampuni ya Takata ilitumia amonia naitreti ambayo, bila kikausha unyevu, huharibika polepole kwa joto na unyevunyevu wa miaka. Ikishaharibika huungua kwa kasi kupita kiasi, chuma kinapasuka na vipande vinaruka kifuani na shingoni mwa mtu. Magari ya makampuni mengi, Toyota, Honda, Nissan na Mazda yakiwemo, yaliitwa kurekebishwa kwa mamilioni, na Juni 2017 Takata iliomba kinga ya kufilisika. Sasa fikiria joto na unyevu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar: ndiyo hali hasa inayoozesha baruti ile. Eabegi ya mwaka 2004 iliyoning'inizwa kwenye kibanda cha spea, hata ikiwa na nembo halali ya kiwanda, imeshakaa miaka mingi kwenye hali ambayo huijui. Gari lako mwenyewe likiwa la miaka hiyo, ingiza namba ya fremu kwenye ukurasa wa Kijapani wa mtengenezaji unaoonyesha magari yaliyoitwa, kisha mpelekee wakala jibu utakalopata.

Kopi ni mbaya zaidi. Mwaka 2024 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa tahadhari kuhusu vijaza eabegi vya bei rahisi vilivyofungwa kwenye magari yaliyokwishapata ajali. Ajali iliyofuata, ambayo dereva alipaswa kutoka salama, vilipasuka na kuua.

Ukinunua gari lililotumika, au gari likirudi kutoka kwa fundi wa bodi, fanya ukaguzi huu. Washa swichi bila kuwasha injini na uitazame taa ya eabegi. Kwa Toyota huwaka kama sekunde sita halafu huzima. Isipowaka kabisa, balbu imetolewa au imefunikwa, na mtu amefanya hivyo kwa makusudi. Ikiwaka na kuzima sambamba kabisa na taa nyingine, huenda imeunganishwa nayo. Kuna pia wanaoweka rizista ndogo mahali pa eabegi ili kompyuta iamini ipo. Hapo taa itakwenda sawasawa, kwa hiyo angalia na kitako chenyewe: rangi yake iwe sawa na ya usukani, pasiwe na alama ya gundi pembezoni, na alama ya SRS AIRBAG iwe imechongwa kwenye plastiki, si kubandikwa. Vifuniko vitupu vya usukani vinauzwa waziwazi. Kikifungwa juu ya eabegi iliyokwisha kulipuka, ndani hakuna kitu.

Usukani wa mashindano, ule mdogo wenye tundu katikati, huondoa eabegi ya dereva. Hatushauri kuufunga kwenye gari la barabarani, kwa bei yoyote.

Mikanda nayo ina baruti. Kwenye magari mengi ya miaka ya 2000 na kuendelea, mkanda wa mbele una kifaa cha kuuvuta kinacholipuka mara moja tu, pamoja na eabegi, ili kumbana mtu kwenye siti. Kikishalipuka mkanda hujifunga na haufai tena. Mtumba wa mkanda kutoka gari lililogongwa unaweza kuwa umeshalipuka, au utepe wake umevutika nyuzi kwa ndani bila kuonekana. Mkanda ambao haukuwahi kugongwa na una shida ya kurudi polepole tu hauhitaji kubadilishwa: uvute wote, ubane kwa koleo la plastiki usirudi, uoshe utepe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, futa na uchafu kwenye pete ya juu unakopita, uache ukauke kivulini kabla ya kuurudisha. Usitie dawa ya kung'arisha rangi wala jiki, hula nyuzi.

Spairo kebo: jinsi ya kuibadilisha bila kuiua mpya

Honi ikikata, vitufe vya redio kwenye usukani vikigoma na taa ya eabegi ikabaki inawaka, mara nyingi ni spairo kebo, utepe wa umeme uliojiviringisha nyuma ya usukani. Kopi zake ni nyingi na nyingi zinakufa mapema, kwa kuwa utepe ni mwembamba na hukatika penye mkunjo. Kwa kuwa umeme wa eabegi unapita humo, nunua jenyuini au ya mtengenezaji halisi.

Nyoosha magurudumu mbele kabisa, zima gari, toa ufunguo. Fungua waya hasi wa betri na usubiri sekunde 90 au zaidi; kompyuta ya eabegi ina akiba ya umeme inayotakiwa kuisha. Kabla ya kufungua betri soma sehemu ya redio hapa chini, maana redio inaweza kujifunga. Legeza skrubu mbili za nyota namba T30 ubavuni mwa usukani. Kwa modeli nyingi hazitoki nje kabisa, zinalegea tu. Vuta kitako taratibu, chomoa soketi ya njano, kisha kiweke mahali salama uso ukitazama juu. Ukikilaza kifudifudi na kikalipuka, kitaruka kama kombora. Usipime soketi ya njano kwa multimita hata kidogo.

Weka alama ya rangi kwenye usukani na kwenye shafti, fungua nati, vuta usukani kwa puli, kifaa cha kung'olea usukani. Usigonge kwa nyundo. Spairo kebo mpya huja imefungwa katikati kwa pini au utepe. Usiutoe mpaka imekaa mahali pake. Ikiwa imeshafunguliwa, ikamate mkononi, izungushe taratibu kinyume cha saa mpaka igome, bila kulazimisha, halafu irudishe kwa mwelekeo wa saa kama mizunguko miwili na nusu mpaka alama zake zikutane. Fundi akiruka hatua hii, utepe utakatika siku ya kwanza usukani utakapogeuzwa mpaka mwisho, na lawama zote zitaangukia spea. Kwa Toyota nyingi nati ya usukani hukazwa kwa 50 N·m na zile T30 kwa 8.8 N·m, hakikisha kwenye kitabu cha modeli yako.

Siti kava na eabegi ya ubavuni

Tazama ubavu wa nje wa siti ya mbele. Ukiona kitambulisho cha SRS AIRBAG, ndani ya siti kuna eabegi inayopasua mshono na kutokea hapo. Siti kava ya kopi inayozunguka siti nzima inaibana. Chagua kava yenye uwazi upande huo. Zipo za kushonwa kwa uzi maalumu unaokatika, lakini usiamini maneno ya muuzaji bila maandishi ya mtengenezaji yanayotaja modeli ya gari lako. Ukimpa fundi wa siti ngozi mpya, mwambie asiuguse mshono wa ubavuni, au aache kitambaa cha kiwandani upande huo. Fundi mzuri anaweza kuushona kwa uzi mnene ili "udumu", na hapo ndipo kosa linapofanyika.

Kitambaa chenyewe kipimwe kwa moto. Kanuni ya Marekani, FMVSS 302, inataka kitambaa cha ndani ya gari kisiungue kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Huwezi kupima hivyo nyumbani, ila kipande cha upana wa vidole viwili, kikishikwa kwa koleo nje ya nyumba na kuguswa na kiberiti, kinakuonyesha mengi: kikizima chenyewe au kikiungua kivivu, endelea, kikidondosha matone ya moto au kikalika kwa mara moja, mrudishie fundi.

Mati: pale jenyuini ilipoua

Agosti 2009, huko Santee, California, Lexus ES 350 ya kuazimwa kutoka kwa wakala ilikwama pedali ya mafuta ikiwa imekanyagwa, na watu wanne wakafa. Mati iliyoishika pedali ilikuwa mati halali ya Lexus, ya mpira mzito, lakini ya modeli ya RX 400h. Mwezi uliofuata Toyota ilitangaza kuita magari milioni 3.8 hivi nchini Marekani kwa sababu ya mati. Hakuna mfano unaoonyesha vizuri zaidi kwamba nembo peke yake haimlindi mtu.

Kwa hiyo mati ya kopi inakubalika kabisa, ikikidhi masharti. Iwe imekatwa kwa modeli yako na kwa usukani kulia. Matundu yake yakutane na ndoano za kiwandani sakafuni. Gari lisilo na ndoano lifungwe ndoano, si kutegemea miiba ya mpira. Usilaze mati juu ya mati. Ukimaliza, injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini, iachie ghafla, na usukume mati mbele kwa mguu huku ukirudia. Pedali ikigusa ukingo wa mati hata mara moja, kata au uitoe. Zile mati za ngozi zenye kingo ndefu zinazopanda ukutani ni nzuri kwa tope, ila upande wa dereva mara nyingi zinavimba chini ya pedali baada ya jua la miezi michache. Zikague tena.

Swichi za vioo: kabla hujanunua yoyote

Swichi nyingi zinazotupwa hazijafa. Toa swichi, ifungue taratibu, utaona vipande vya shaba vilivyopigwa weusi, grisi iliyogeuka gundi, na mara nyingi maji ya mvua au juisi yaliyokauka. Safisha kwa alkoholi ya isopropili na mswaki laini, futa weusi kwa kifutio cha penseli, paka grisi kidogo ya umeme, funga. Nusu saa inatosha. Isiporudi, nunua.

Kopi huungua haraka kwa sababu mota ya kioo hula umeme mwingi, na hula zaidi kioo kikiwa kizito kwa sababu mpira wa pembeni umekauka. Shaba nyembamba ya kopi haivumilii. Lakini hata jenyuini itaungua hapohapo, kwa hiyo pulizia silikoni kwenye njia za mpira za milango yote minne siku hiyohiyo.

Dukani hesabu pini za soketi moja moja ukilinganisha na ya zamani. Angalia kama ina alama ya AUTO pale yako ilipokuwa nayo, kitufe cha kufunga vioo vya nyuma, na taa. Uliza kama unaweza kuichomeka kabla ya kulipa. Wauzaji wengi wanakubali ukiwa na gari mlangoni. Ikishafungwa, jaribu kila kioo kwa swichi ya dereva na kwa swichi ya mlango wake. Kioo kikishuka unapobonyeza kupanda, mpangilio wa pini si wako; rudisha bila kubadilisha waya. Mtumba uliojaribiwa wa Tokai Rika unashinda kopi mpya hapa, mradi soketi haina kutu ya kijani.

Plastiki, handeli na klipu

Gari lililofungwa juani dashibodi yake inaweza kufika nyuzi 70 za Selisiasi na kupita. Plastiki za kiwandani zimechaguliwa kwa joto hilo. Geuza spea yoyote utazame mgongo wake: ya kiwandani huwa na alama ya aina ya plastiki kama >PP< au >ABS<, na mara nyingi duara dogo lenye mshale linaloonyesha mwezi na mwaka wa kumwagwa. Kopi duni huwa tupu mgongoni, au ina mabaki makali ya plastiki pembeni. Hizo ndizo zinazojikunja baada ya msimu mmoja wa kiangazi na kuacha mwanya kwenye dashibodi.

Kwa paneli, vifuniko, sanduku la dashibodi na vitundu vya kuelekeza upepo, tafuta mtumba kwa namba na rangi. Linganisha rangi kwa kutazama sehemu iliyojificha, siyo ile iliyopigwa jua. Kagua masikio ya klipu na vibanio vyote; kimoja kilichovunjika ni kelele ya kila siku barabara ya vumbi.

Handeli ya ndani ikivunjika, ya kopi inatosha, ila iwe na kibanio cha waya cha umbo lilelile, na ijaribiwe mara ishirini mlango ukiwa wazi, kitasa kimefungwa kwa bisibisi, kabla ya kurudisha paneli. Ukikosea ukaufunga mlango kwanza, utatafuta njia ya kuufungua kutoka nje.

Klipu nunua mpya daima, hata za kopi. Pima tundu la bodi kwa rula ya milimita, na urefu wa shingo ya klipu; shingo ndefu kwa milimita mbili inaacha paneli ikigongagonga, fupi inavunjika. Ongeza moja kwa kila tano unazohitaji.

Redio: hapa kopi inashinda

Redio ya Japani husikia FM kuanzia megahezi 76 hadi 90 au 95, na vituo vyetu viko 87.5 hadi 108. Kifaa cha kusogeza masafa kinasaidia kidogo na kinaharibu sauti. Kwa hiyo redio ya Android ya kununua ni uamuzi wa busara, ukizingatia vipimo: nafasi ya Toyota ina upana wa milimita 200 na kimo 100, ilhali redio nyingi za kawaida zina upana wa 180 hivi na zitahitaji fremu za pembeni. Nunua waya wa kuunganishia wa Toyota wenye soketi ya pini 10 na ya pini 6. Fundi anayekata soketi za gari na kusokota waya kwa selotepu mwambie aache.

Waya wa njano ni wa umeme wa kudumu, mwekundu ni wa swichi. Vikiunganishwa pamoja, redio haizimi na betri itaamka imekufa. Baada ya kufunga, zima gari, funga milango, subiri nusu saa, pima umeme unaotoka betri kwa multimita. Ukizidi miliampea 50, kuna kitu kimebaki macho.

Ukibaki na redio ya kiwandani yenye ramani, kumbuka: nyingi hujifunga betri ikitolewa na kuomba namba ya kufungulia kwa Kijapani. Kabla ya kazi yoyote ndani ya gari inayohitaji betri kufunguliwa, tafuta namba hiyo, na uhakikishe kadi au diski ya ramani ipo ndani ya redio.

Vitu vidogo

Chujio la hewa: kopi nzuri inatosha, ikiwa ukubwa ni sahihi na mshale wa upepo unafuatwa. Baadhi ya magari ya daraja la chini yalitoka kiwandani bila chujio, na nafasi yake ikiwa imefunikwa nyuma ya sanduku la dashibodi. Nobu ya gia: uzi wa Toyota otomatiki mara nyingi ni M8x1.25 na wa manyuo ni M12x1.25, nobu inayokuja na vipande vya kuingiza na skrubu tatu za pembeni italegea. Kava ya usukani pima kipenyo kwanza, kwa sababu kava inayoteleza mkononi kwenye kona haifai hata ikipewa bure. Zulia la kufunika dashibodi lisifunike mlango wa eabegi ya abiria wala matundu ya upepo wa kioo.

Risiti iandikwe namba kamili ya spea, neno jenyuini, kopi au mtumba kama ulivyoambiwa, na siku za kurudisha. Muuzaji akikataa kuandika neno hilo moja, nenda duka la pili. Ukifika nyumbani piga picha boksi, namba iliyochapwa kwenye spea yenyewe na risiti, pamoja, kabla fundi hajafungua chochote. Spea ikiwa na namba tofauti na ya boksi, irudishe ikiwa bado haijaguswa na bisibisi.